Kanda za arusi na picha za ukoo: kwa nini DVD iliyochomwa nyumbani hukataa kucheza

JOMVU KUU – Katika nyumba nyingi za Jomvu Kuu, kama ilivyo Mikindani, Miritini na kwingineko Mombasa bara, bado kuna kanda za video za miaka ya themanini na tisini: arusi, maulidi, safari za Hija, mazishi ya wazee, watoto wakifuzu madrasa. Wengi waliomo kwenye kanda hizo wameshatangulia mbele ya haki. Sauti zao hazipo mahali pengine popote.

Wajomvu ni mojawapo ya Thenashara Taifa, zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, na mengi ya mji huo wa kale ulio kando ya hori la Tudor hayakuandikwa. Yalisemwa. Mzee akitaja nasaba yake mbele ya kamera siku ya arusi ya mjukuu, au bibi akieleza jinsi uduvi ulivyokuwa ukivuliwa mikokoni, ile kanda ndiyo maandishi yake. Ndiyo maana jambo linaloonekana dogo, diski inayokataa kucheza, huwa si dogo hata kidogo kwa familia iliyokaa sebuleni siku ya Idi ikisubiri kumwona marehemu.

Vijana wa nyumbani ndio hukabidhiwa kazi hii. Huhamisha kanda kwenye kompyuta, huongeza picha za simu na zile zilizokatwa kwenye albamu, kisha huchoma DVD na kuwagawia jamaa. Na hapo ndipo matatizo huanza. Diski inacheza kwenye kompyuta lakini deki ya sebuleni inaandika NO DISC. Au inacheza vizuri hadi dakika ya tisini kisha inakwama. Au midomo inasogea na sauti inafuata baadaye. Karibu kila moja ya kasoro hizi ina sababu inayojulikana, na nyingi hurekebishwa bila gharama zaidi ya diski moja mpya.

Huenda mtu akauliza kwa nini DVD wakati kuna simu na intaneti. Sababu ziko tatu, na zote ni za maana. Wazee wengi wanajua kubonyeza rimoti ya deki lakini hawataki kusumbuliwa na simu. Diski haili bando. Na iko sababu ya tatu ambayo kina mama wa Pwani wanaielewa bila kuelezwa: video za kupamba na sherehe nyingine za wanawake, ambamo wameketi bila buibui, si za kupitishwa kwenye makundi ya WhatsApp. Diski iliyo ndani ya kabati lenye kufuli inajulikana iko wapi.

Kosa linaloongoza: faili badala ya filamu

Kati ya diski zote zinazokataa kucheza kwenye deki, nyingi hazina ubovu wowote. Zimechomwa kwa njia isiyofaa.

Kuna aina mbili za DVD ambazo kwa macho ni sawasawa. Ya kwanza ni diski ya data, ambayo ni kama flashi: mtu anachukua faili ya video aliyoitoa kwenye simu, yenye jina linaloishia na MP4, anaiweka kwenye diski na kuichoma. Kompyuta yoyote itaifungua. Deki ya kawaida, hasa ya zamani, haitaijua ni kitu gani. Deki hizo zilitengenezwa kabla ya simu zenye kamera kuenea, na zinatarajia kukuta mpangilio mmoja tu.

Mpangilio huo ndio aina ya pili, DVD ya video. Ukiifungua kwenye kompyuta, utakuta folda inayoitwa VIDEO_TS, na ndani yake faili zinazoishia na VOB, IFO na BUP. VOB ndizo zinazobeba picha na sauti, na kila moja haizidi gigabaiti moja. IFO huiambia deki ianzie wapi na menyu iko wapi. BUP ni nakala ya IFO endapo sehemu ile ya diski itachubuka. Pengine patakuwa na folda nyingine, AUDIO_TS, ambayo ni tupu. Isifutwe, kwani ziko deki za zamani zinazoitafuta.

Kwa hivyo jambo la kwanza la kukagua ni hilo: diski iwekwe kwenye kompyuta, ifunguliwe, na itazamwe kama folda ya VIDEO_TS ipo, tena iwe nje kabisa na si ndani ya folda nyingine. Ikiwa kilichomo ni MP4 peke yake, hakuna haja ya kulaumu deki wala muuzaji wa diski.

Windows yenyewe huchangia kuwachanganya watu. Diski tupu ikiingizwa, kompyuta huuliza kama mtu anataka kuitumia kama flashi au pamoja na mashine ya CD na DVD. Wengi huchagua jibu la kwanza, na diski hiyo haitasomeka kwenye deki. Wanaochagua la pili hudhani wamepona, lakini nalo hutoa diski ya data, ila tu imefungwa vizuri zaidi. Hakuna kati ya majibu hayo mawili linalotengeneza DVD ya video.

Kinachohitajika ni programu ya kuandaa DVD. Baadhi ya kompyuta zenye Windows Vista na Windows 7 zilikuja na Windows DVD Maker, ambayo ilitosha kwa kazi za nyumbani, lakini iliondolewa kuanzia Windows 8. Kwa kompyuta za sasa kuna DVDStyler, ambayo ni ya bure, hutengeneza menyu, hubadilisha video kuwa za mfumo unaotakiwa na kuchoma diski. Kazi hiyo ya kubadilisha ni ndefu. Kwenye laptopu ya zamani, video ya saa mbili yaweza kuchukua usiku kucha. Si ishara ya kuharibika.

Hesabu ya nafasi

Malalamiko ya pili hutokana na namba. Kwenye kasha la diski pameandikwa gigabaiti 4.7, lakini kompyuta inaonyesha 4.38. Muuzaji hakudanganya. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni 1, nayo Windows huihesabu kwa kipimo kikubwa zaidi kidogo. Ni diski ileile.

Linalowashangaza watu zaidi ni video ya megabaiti 700 ambayo programu inasema itajaza diski nzima. Sababu ni kwamba video za simu na zile za kupakuliwa zimebanwa kwa njia za kisasa. DVD ya video hutumia njia ya zamani iitwayo MPEG-2, inayohitaji nafasi kubwa kwa picha ya ubora uleule. Kwa hivyo ukubwa wa faili ya mwanzo hausemi kitu. Kinachoamua ni muda.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Diski moja hubeba takriban megabiti 37,600. Saa moja ina sekunde 3,600, hivyo video ya saa moja yaweza kupewa zaidi ya megabiti 9 kwa kila sekunde, karibu na upeo wa kile DVD inachoruhusu kwa picha, yaani 9.8. Saa mbili zinashuka hadi megabiti 5 na kitu, ambazo bado ni nzuri. Saa tatu zinabakisha 3.5, na saa nne 2.6, nazo sauti lazima ipate sehemu yake humo humo.

Na hapa ndipo arusi za Pwani zinapoitesa diski. Kanda ya VHS iliyoandikwa E-180 ni ya saa tatu, na iliyoandikwa E-240 ni ya saa nne, nao wapiga picha wa zamani hawakuwa na tabia ya kukata. Picha ya mzee aliyeketi akizungumza itastahimili megabiti 3. Ukumbi uliojaa wanawake wanaocheza chakacha, kila mmoja na kanga au deraa lenye mauwa yake, taa zikimulika, hautastahimili. Picha itavunjika kuwa vijisanduku vidogo vidogo kila wanapogeuka. Dawa ni kugawanya kanda hiyo katika diski mbili, kwa mfano nikahi kwenye diski moja na kupamba kwenye nyingine. Hilo pia husaidia katika suala la nani atazame nini.

Diski za tabaka mbili zenye gigabaiti 8.5 zipo, ila ni ghali zaidi, na deki nyingi za zamani hukwama zinapovuka kutoka tabaka moja kwenda la pili. Kwa matumizi ya nyumbani, diski mbili za kawaida ni bora kuliko moja ya aina hiyo.

Vilevile diski isijazwe hadi ukingoni. DVD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hivyo mwisho wa video uko kwenye ukingo, mahali ambapo uchomaji huwa na makosa zaidi na vidole hushika kila siku. Video inayocheza vizuri kisha inakwama karibu na mwisho mara nyingi ina tatizo hilo. Kubakisha nafasi kidogo, tuseme kuishia kwenye gigabaiti 4.2, huondoa lawama nyingi.

Diski ambayo haikufungwa

Kuna hatua moja ya mwisho ambayo kwenye mashine nyingi huitwa Finalize. Ni kuifunga diski, yaani kuandika orodha ya yaliyomo ili deki nyingine ziweze kuyapata. Programu za kompyuta kwa kawaida hufanya hivyo zenyewe, na kijana anayeona asilimia 100 kwenye kioo kisha akachomoa diski kabla ya mlango kufunguka wenyewe huwa amekatiza hatua hiyo.

Tatizo ni kubwa zaidi kwa waliotumia kamera zilizorekodi moja kwa moja kwenye vidiski vidogo vya sentimita 8, pamoja na rekoda za DVD za mezani. Vidiski hivyo hufungwa kwa mashine ileile iliyorekodi. Kamera ikiuzwa au ikiharibika kabla ya kufunga, diski huonekana tupu kwenye deki yoyote ile. Mwenye kidiski kama hicho asikitupe, na zaidi ya hapo asikubali kompyuta inapomwambia ni kitupu na kumtaka akifute. Picha bado zimo, na ziko programu za kuokoa data zinazoweza kuzitoa. Kukagua ni rahisi: diski igeuzwe na itazamwe mwangani. Sehemu iliyochomwa ina rangi iliyokolea tofauti na sehemu tupu, ikianzia katikati kama duara.

Aina ya diski, kasi na umeme

Dukani kuna DVD-R na DVD+R. Deki nyingi za leo husoma zote mbili. Deki za zamani huelewana zaidi na ile yenye alama ya kutoa, kwa hivyo anayewachomea jamaa wengi wenye deki tofauti tofauti atumie DVD-R. Diski za bei ya chini mno zinazouzwa bila kasha wala jina la mtengenezaji ni bahati nasibu. Huenda zikacheza leo na zisisomeke mwakani.

Kuhusu kasi, diski iliyoandikwa 16x haina lazima ichomwe kwa 16x. Nusu yake, 8x, huchukua kama dakika nane kwa diski iliyojaa, na 4x kama robo saa. Dakika hizo chache zaidi ni bei ndogo. Lakini si kweli kwamba kadiri inavyochomwa polepole ndivyo inavyokuwa bora. Diski za siku hizi zimetengenezwa kwa kasi za kati.

Umeme ukikatika katikati ya uchomaji, diski hiyo imekwisha. DVD-R haiandikwi mara mbili. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba afanye kazi hii saa ambazo umeme wa mtaa wake hutulia, na mwenye laptopu ahakikishe betri imejaa kwanza, hata kama ameiunganisha na soketi. Laptopu nyingi mpya hazina mlango wa diski, na wengi hununua kichomeo cha nje kinachounganishwa kwa waya wa USB. Vichomeo hivyo hula umeme mwingi wakati wa kuandika. Kikiunganishwa kupitia kigawanyaji cha USB chenye vifaa vingine, hupungukiwa na kuharibu diski baada ya diski. Kiunganishwe moja kwa moja kwenye laptopu, na ikiwa waya wake una vichwa viwili, vichomekwe vyote viwili.

Wakati wa kuchoma, kompyuta iachwe ifanye kazi hiyo peke yake. Michezo na video za YouTube zisubiri.

Jambo moja lingeokoa diski nyingi zinazotupwa: programu iambiwe kwanza ihifadhi DVD kama folda kwenye kompyuta, bila kuchoma. Folda hiyo ifunguliwe kwa VLC, itazamwe mwanzo, katikati na mwisho, menyu ijaribiwe, sauti isikilizwe. Ikiwa ni safi ndipo ichomwe. Wanaofanya kazi hii mara kwa mara waweke DVD-RW moja, ile inayofutika na kuandikwa upya, kwa ajili ya kujaribu kwenye deki yenyewe.

Sauti inapoachana na picha

Sauti ikikosekana kabisa kwenye DVD, kwa kawaida ni kwa sababu ya mfumo. Video za simu hubeba sauti ya aina ya AAC, ambayo haimo katika kanuni za DVD. Inatakiwa AC-3 au PCM, kwa kiwango cha kilohezi 48. Programu nzuri ya kuandaa DVD hubadilisha yenyewe. Tatizo hutokea pale mtu anapochagua kuacha sauti kama ilivyo ili kuokoa muda.

Sauti inayoanza pamoja na picha kisha ikachelewa kidogo kidogo ina sababu nyingine. Simu hazipigi idadi ileile ya picha kila sekunde. Mwanga ukipungua, simu hupunguza idadi, kisha huiongeza tena. DVD ya hapa kwetu inataka picha 25 kila sekunde, bila kupungua wala kuzidi. Programu isiyojua kulifidia hilo huiacha sauti nyuma. Suluhisho ni kuipitisha video hiyo kwanza kwenye programu kama HandBrake, ambayo pia ni ya bure, na kuchagua idadi ya picha isiyobadilika, 25, kabla ya kuipeleka kwenye programu ya DVD.

Kwa kanda za VHS, kuachana huko hutokana na kompyuta dhaifu kuruka picha wakati wa kuhamisha. Hilo haliponyeki vizuri baadaye. Ni afadhali kuhamisha upya, programu nyingine zote zikiwa zimefungwa na video ikihifadhiwa kwenye diski ya ndani ya kompyuta badala ya flashi. Na anayehifadhi kwenye flashi aelewe kwamba flashi nyingi hutoka dukani na mpangilio wa FAT32, usiokubali faili inayofika gigabaiti 4. Hapo kompyuta itaikataa faili hiyo wakati flashi ya gigabaiti 32 iko tupu.

Jamaa wa Muscat na jamaa wa Minneapolis

Familia za Jomvu Kuu, kama nyingine za Pwani, zina watu ng'ambo. Diski iliyotengenezwa kwa mfumo wa PAL, unaotumika Kenya, itacheza Oman, Dubai na Uingereza bila shida. Marekani na Kanada hutumia NTSC, na deki nyingi za huko hukataa PAL. Deki za hapa kwa kawaida huzisoma zote mbili, hivyo diski ya jamaa wa Marekani itengenezwe NTSC tangu mwanzo, kwa kuchagua mfumo huo kwenye programu. Yale mambo ya msimbo wa kanda za dunia unaozuia filamu za dukani hayahusu diski za nyumbani; programu hizi haziuweki.

Picha zinazosogea zenyewe

Onyesho la slaidi, picha zikipita moja baada ya nyingine kwa muziki, limekuwa sehemu ya arusi na hitima. Nafasi si tatizo: picha 200 za sekunde sita kila moja ni dakika 20 tu. Kasoro zake ni za macho.

Kwanza ni kukatwa. Runinga za zamani hufunika ukingo wa picha, na jina lililoandikwa chini kabisa hupotea. Maandishi na nyuso zibaki ndani, ukingo wa kama asilimia 10 ukiachwa kila upande. Picha zilizopigwa simu ikiwa imesimama zitakuwa na weusi kulia na kushoto. Zisivutwe ili kujaza kioo, maana bibi arusi huwa mnene kwa dakika moja.

Pili ni kumetameta. Kanga, mikeka, matundu ya dirisha la mbao na nakshi za mlango hutetemeka kwenye runinga ingawa kwenye kompyuta zimetulia. Runinga za zamani huchora picha kwa mistari, nusu kwanza kisha nusu ya pili, na mstari mwembamba kama wa ukili huonekana na kupotea. Picha hiyo ilainishwe kidogo kwenye programu ya picha. Itaonekana imefifia kwenye kompyuta, lakini kwenye runinga itatulia.

Tatu ndiyo iliyo nzito zaidi. Picha kwenye DVD ya PAL ina pikseli 720 kwa 576, kama laki nne na kidogo. Picha ya simu ya kawaida ina milioni 12. Anayeskani picha za kale za familia, zikiwemo zile za studio za mjini kama ya N. V. Parekh iliyowapiga picha watu wengi wa Mombasa, kisha akazichoma kama onyesho na kufuta faili za asili, amepoteza karibu kila kitu. Picha za asili ziwekwe kwenye folda nyingine ndani ya diski hiyohiyo, kando ya VIDEO_TS. Deki haitaijali, na mjukuu atakayetaka kusafishiwa picha ya babu yake ataikuta kamili.

Kuhusu muziki, watu hupenda kuweka taarab. Hakuna anayemfuata mtu kwa onyesho la sebuleni. Anayeuza nakala za diski hizo, au kuzionyesha kwa malipo, anahitaji ruhusa ya wenye haki chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na wa kuulizwa ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kinyume chake, familia zenye kanda za arusi ambako waimbaji kama Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, walitumbuiza, zina kitu ambacho huenda hakimo kwenye rekodi yoyote ya dukani.

Kanda yenye ukungu na kanda ya siri

Kabla ya kanda ya VHS kuingizwa kwenye deki, itazamwe kupitia kile kidirisha chake. Unga mweupe kwenye ukingo wa utepe ni ukungu, na hewa ya chumvi na unyevu ya Jomvu Kuu inaufuga vizuri. Kanda hiyo isichezwe. Ukungu huingia kwenye vichwa vya deki na kuhamia kwenye kila kanda itakayofuata, na utepe ulionata huweza kukatika. Deki za kuharibu ovyo hazipo tena: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016. Kanda yenye ukungu ni kazi ya fundi mwenye deki ya kusafishia.

Anayepeleka kanda kwa fundi au saiba anakabidhi pia faragha ya watu wengine. Kwa kanda za kupamba, ni vyema atafutwe fundi wa kike, au mwenye kanda akae hapo hadi kazi iishe, nakala zifutwe kwenye kompyuta ya duka mbele ya macho yake, na flashi irudi naye. Hilo si kumdhania mtu vibaya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimgusi mtu anayeshughulikia picha za nyumbani kwake kwa mambo ya nyumbani, lakini duka linalopokea picha za wateja halimo katika msamaha huo. Aliyesambaziwa picha zake bila ridhaa ana haki ya kulalamika kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na faragha yenyewe inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba.

Kuhifadhi

DVD ya kuchoma hubeba picha kwenye rangi maalumu inayochoshwa na jua na joto. Juu ya runinga kando ya dirisha ni mahali pabaya kuliko pote, na ndipo nyingi huwekwa. Kabati la ndani lisilogusa ukuta wa nje linafaa, diski zikiwa zimesimama ndani ya makasha yake, na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya vikitiwa humo. Diski ikichafuka, ipanguswe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, kamwe si kwa kuzungusha. Kibandiko cha maua chenye jina la bibi na bwana arusi hupendeza, kisha hukunjamana kwa joto na kuifanya diski iyumbe ndani ya deki. Iandikwe kwa kalamu laini ya wino, karibu na tundu la katikati.

Diski moja pekee si hifadhi. Faili iliyotoka kwenye kanda, kabla ya kubanwa kuwa DVD, ibaki kwenye diski kuu ya nje, na nakala nyingine iwe katika nyumba ya ndugu mwingine. Ndani ya kasha pakae karatasi yenye tarehe, mahali na majina ya wanaoonekana, yakiandikwa wakati bado yupo wa kuwatambua: aliyeketi mkekani kulia, aliyeshika chetezo, mtoto aliyelala mapajani. Nayo kanda ya zamani isitupwe hadi mtu mmoja awe ameitazama diski yake mpya mwanzo hadi mwisho, kwenye deki ya sebuleni.